Alama Tatu Chini ya Mpini: Maisha ya Fundi Subiri-Kwanza, 1951–2024

Ndugu, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza, wasifu huu ni mrefu kuliko mlivyotarajia. Ule mfupi ulikuwepo. Uliandikwa na shemeji wa marehemu, mjomba wa familia. Ulikuwa wa aya mbili tu, na ulisema marehemu "alikuwa fundi mzuri enzi zake, mpaka macho yalipomwisha." Bintiye aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru kama inavyompasa mtoto mbele ya mjomba wake, akaukunja mara nne akaupachika chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Meza imetulia. Huu unaosomwa sasa ndio alioutaka marehemu mwenyewe. Binti ndiye anayeusoma, na mjomba amewekewa kiti safu ya mbele ili asipitwe na neno hata moja.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi wa springi za malori, na mama yake alishona magunia. Dada yake, shangazi wa familia ambaye yuko nasi hapa, anakumbuka kwamba tangu akiwa mdogo marehemu hakujali kitu kizima. Alipenda vilivyovunjika. Aliokota misumari, bawaba, vipande vya msumeno, akakaa kibarazani anavigeuza juani kutazama pale vilipokatikia. Mama yao alikuwa akiguna, "Watoto wa wenzangu wanaokota kuni, wa kwangu anaokota kutu."

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na ghala la mbao, kuanzia mwaka 1960 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1966. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Jina lake shuleni lilivuma mara moja tu, alipokuwa darasa la sita, siku alipolibana panga jipya la shule kwenye tundu la ukuta akalivunja katikati. Mwalimu mkuu alimwita mbele ya wanafunzi wote amuulize sababu. "Nilitaka kuona ndani, mwalimu," alisema. "Limeunguzwa kiwandani. Yote yaliyonunuliwa pamoja nalo yameungua." Alichapwa viboko vinne. Wiki iliyofuata panga la pili lilikatika lenyewe mikononi mwa mwalimu wa kilimo, ncha ikaruka ikapita karibu na sikio lake. Hakuna aliyemwomba radhi yule mtoto, lakini mapanga yaliyobaki yalirudishwa dukani kimyakimya. Marehemu alipenda kusimulia kisa hiki, na kila mara alimalizia hivi: "Viboko sikurudishiwa."

Januari 1967 aliingia gereji alikofanya kazi baba yake, akajifunza springi kwa miaka kumi na miwili. Mei 1979 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja chenye tanuri, pipa la mafuta na jiliwa la kubania chuma, lililofungwa kwenye gogo. Dirisha alilipaka rangi nyeusi. Wapita njia walidhani anaficha jambo, kumbe alitaka giza ili auone moto vizuri, kwa sababu rangi ya chuma motoni haisemi ukweli mbele ya jua. Ukutani kulining'inia sumaku kwa uzi. Chuma kikipata joto la kutosha sumaku hukiachia, haikishiki tena. Hapo marehemu alihesabu kidogo, akakizamisha kwenye mafuta. Hakukiacha kizidi hapo, kwa sababu chuma kilichopitiliza moto chembe zake hunenepa, na kisu chenye chembe nene huvunjika kama biskuti.

Kutoka kwenye mafuta, kisu huwa kigumu mno, hakina msamaha. Kwa hiyo alikirudisha kwenye moto mdogo, saa mbili, akakiacha kipoe, akakirudisha tena saa mbili, mpaka kipate rangi ya majani makavu. Wateja walisimama mlangoni wakipiga kelele, naye jibu lake lilikuwa lilelile: "Subiri kwanza." Wakamwita Subiri-Kwanza, jina likamganda hadi kwenye bili ya umeme.

Namna yake ya kupima kisu ilijulikana mji mzima. Kwanza aliondoa ngozi ya juu, kwa sababu moto huunguza ngozi ya chuma ikawa laini hata kama ndani ni kigumu. Ndipo alipopitisha tupa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekomaa. Ikiuma, bado. "Usikihukumu chuma kwa ngozi yake," aliwaambia wote waliotaka kusikia na wasiotaka. Baada ya kukirudisha kwenye moto mdogo, aliyaegemeza makali kwenye kijiti cha shaba akasukuma taratibu. Makali yakiinama yasirudi, kisu ni laini. Yakimeguka, ni kigumu bila akili. Yakiinama yakarudi, aliguna tu, na kuguna kwake kulitosha. Tena kila alipotengeneza visu alizidisha viwili vya kuvunja. Alivibana kwenye jiliwa akavipiga nyundo, akatazama ndani kama alivyotazama lile panga la shule. Alitaka aone uso wa kijivu, laini kama majivu yaliyochekechwa. Akiona chembe zinametameta, kazi yote ilirudi kuanza upya, na mwenye oda akasirike anavyotaka.

Kisu kilichofaulu kilipigwa chapa ya jicho dogo, kwa patasi fupi aliyoichonga mwenyewe mwaka 1979. Jicho hilo wengi mnalijua, liko majumbani kwenu. Msichokijua ni kwamba ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini hubaki laini, na hapo marehemu alitia alama tatu ndogo za tupa: moja kisu kikitoka kwenye mafuta na tupa ikateleza, ya pili kikimaliza moto mdogo, ya tatu kikirudi kwenye shaba. Kisha alipigilia mpini juu yake, asione mtu. Alikuwa akijihesabia mwenyewe.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Juni 1980. Bibi harusi alifika karakana miezi minane kabla na kisu cha jikoni kilichokataa hata kitunguu. Akaambiwa asubiri kwanza. Alikaa juu ya debe kwa saa tatu, mwishowe akasema, "Fundi, hicho kisu unakinoa au unakichumbia?" Marehemu akajibu bila kuinua uso, "Kisu nilimaliza saa nne. Wewe ndiye uliyebaki." Waliishi pamoja miaka arobaini na miwili, wakabarikiwa mtoto mmoja wa kike aliyekulia kwenye vumbi la karakana na akashika koleo kabla ya kalamu. Mama alitangulia mbele ya haki tarehe 30 Septemba 2022, na tangu siku hiyo marehemu alilalia upande wake ule ule wa kitanda, huo mwingine akauacha umetandikwa.

Sasa tunafika kwa mjomba. Ni ndugu pekee wa mama. Alijiunga na karakana mwaka 2004 kama muuzaji, na haki yake apewe: maneno yake yalikuwa ya kumtoa nyoka pangoni. Yeye ndiye aliyepata oda kubwa kuliko zote, visu arobaini vya soko la nyama, vikabidhiwe Ijumaa, tarehe 15 Novemba 2013. Jumanne ya wiki hiyo marehemu alikuwa amevitoa vyote kwenye mafuta, vile arobaini pamoja na viwili vya kuvunja, vikiwa bado na ngozi yao, havijapimwa, havijapata moto mdogo. Mchana huohuo mkewe alizidiwa akakimbizwa hospitali kufanyiwa upasuaji. Marehemu na bintiye walikaa naye huko siku nane. Akiondoka alimwambia shemeji yake maneno matano: "Usiguse kitu mpaka nirudi, shemeji."

Shemeji aligusa. Alichukua tupa akaipitisha kwenye kisu cha kwanza, juu ya ngozi. Tupa ikauma. Mtu aliyeshinda miaka tisa akisikia "usikihukumu chuma kwa ngozi yake" alisimama pale akaamua kwamba fundi ameharibu kazi. Akawasha tanuri. Sumaku hakuitazama. Alivipasha visu mpaka vikawa na rangi ya chungwa, akavizamisha, akapima juujuu, tupa ikauma tena kwa sababu ngozi ndiyo ilikuwa inazidi kuungua. Akaongeza moto. Alirudia mara tatu. Moto mdogo hakuutia kabisa, muda ulikuwa umekwisha. Akapigilia mipini, akagonga jicho la marehemu kwenye kila kisu, akavikabidhi Ijumaa saa tatu asubuhi, tena kwa tabasamu.

Jumatatu, tarehe 18, kisu kimojawapo kilikatika mkononi mwa mwenye bucha wa kona alipokuwa akitenganisha paja, kikaondoka na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto. Watu wakajaa mlangoni mwa karakana. Mjomba akasimama juu ya kizingiti akasema, na wapo humu waliomsikia kwa masikio yao: "Mimi ni muuzaji tu, jamani. Moto ni wa shemeji. Macho yamemwisha, tumemfichia kwa muda mrefu."

Marehemu alirudi Jumatano. Hakuuliza mtu. Alikwenda chini ya meza akakuta vile viwili vya kuvunja, navyo vimepigwa moto pamoja na wenzao. Akabana kimoja, akagonga nyundo mara moja tu, wala si kwa nguvu. Ndani kulikuwa na chembe kama chumvi ya mawe. Mwenye macho haambiwi tazama. Mchana huo mjomba alipiga magoti kando ya kitanda cha dada yake, akalia, akaeleza yote, tupa, tanuri na haraka yake, marehemu akiwa amesimama mlangoni. Mama, nyuzi za upasuaji bado mbichi tumboni, alimshika mumewe mkono. "Huyu ndiye niliyebakiwa naye, mume wangu," alisema. "Watamuua sokoni. Niapie kwamba kinywa chako hakitamtaja." Marehemu alimpenda mkewe kuliko jina lake. Aliapa.

Mtu angetarajia basi walau aibu kidogo kutoka kwa aliyefichiwa siri. Wapi! Mwaka uliofuata mjomba alifungua duka lake ng'ambo ya barabara, akaichukua ile chapa ya jicho "ili isipotee," akatangaza kwamba amepata mafundi wapya wenye macho. Anaichapa hadi leo kwenye visu vyovyote anavyoletewa, na ile patasi ameitoboa akaifunga kwenye funguo za gari lake. Chapa ikabaki na heshima, mwenye chapa akabaki na aibu. Mikono iliyokuwa ikipima chuma kwa shaba ilimaliza miaka kumi na moja ikinoa mikasi ya washonaji. Wapo waliovuka barabara wasimsalimie, na leo mmevaa nguo nyeusi. Binti aliwaona, anawakumbuka, na hajawasamehe wote.

Tarehe 12 Februari 2024 madaktari walikuta mapafu ya marehemu yamechakaa kwa moshi wa mafuta wa miaka mingi. Alilazwa mara mbili, kisha akaomba arudi nyumbani. Siku moja mwezi Agosti, bintiye akimlisha uji, alisukuma kijiko pembeni akamweleza haya yote mwanzo hadi mwisho, pamoja na zile alama tatu, akimwita mkosaji "yule mtu" tu, bila kumtaja. Binti hakulia. Alikasirika, akaliweka bakuli chini kwa kishindo.

"Kwa nini ulinyamaza hata mama alipofariki, baba?"

"Kiapo hakifi na mtu. Mimi niliapa, mwanangu." Akapumzika kidogo, pumzi zilikuwa za kuhesabu. Kisha akamtazama kwa jicho lile alilotazamia chuma. "Wewe hukuapa."

Siku iliyofuata binti alikwenda kwa mwenye bucha. Alimkuta anafuta kaunta, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa kama kawaida yake.

"Umekuja kumwombea baba yako radhi?" aliuliza. "Umechelewa miaka kumi na moja."

"Nimekuja kuomba kile kisu."

Alikuwa nacho. Alikitoa kwenye droo ya chini, kimeviringishwa kwenye gazeti, mpini na kipande cha bapa. Binti alimwonyesha kwanza pale kilipokatikia, chembe nene zinametameta. Ndipo akaomba koleo, akang'oa misumari ya mpini mbele yake. Mkia ulikuwa mtupu. Hakuna alama hata moja. Mwenye bucha akasema hilo halithibitishi kitu, na binti akakubali: alete basi kisu chochote alichonunua kwa fundi kabla ya mwaka ule. Alileta cha mwaka 1998, ambacho anakitumia mpaka leo. Wakang'oa mpini. Alama tatu zilikuwepo, zimepangana sawasawa.

Mwenye bucha alikaa juu ya kreti. "Kwa hiyo miaka yote hii nimemnunia mtu asiye na kosa?"

"Ndiyo," binti alimjibu, na hakumpunguzia.

Tarehe 3 Oktoba mwenye bucha alifika kitandani kwa marehemu. Marehemu aliushika ule mkono wenye vidole vitatu, akalipapasa kovu kwa kidole gumba kama anayepima makali, akasema, "Pole, jirani. Ningekuwepo, kisingetoka mlangoni." Mwenye bucha alilia kwa sauti, mtu mzima yule. Kisha alitaka kuvuka barabara saa ileile na shoka. Binti alimzuia, akamwambia maneno aliyorithi: subiri kwanza. Wakakubaliana wamwachie mjomba siku ya leo, siku atakayokuja mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa na funguo mfukoni.

Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake mmoja ukiwa juu ya upande wa kitanda uliotandikwa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu na karibu miezi saba. Macho yake yalikuwa mazima. Daktari aliyapima mwezi wa pili, na karatasi ipo.

Kwenye lango mliloingilia kuna meza, na juu yake jiliwa na koleo. Mwenye kisu chenye jicho akilete, leo au siku nyingine yoyote. Tutang'oa mpini mbele yake. Kikiwa na alama tatu, kitatiwa mpini mpya na kitanolewa bure maisha yake yote. Kikiwa mkia mtupu, atajua alikinunua kwa nani, na duka liko ng'ambo ya barabara. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Huyu wetu alipigilia visu arobaini kwa mkono wake mwenyewe, kimoja kimoja, na chini ya kila mpini akaacha ushahidi.

Marehemu ameacha binti mmoja, fundi, ambaye kuanzia Jumatatu atawasha tanuri lile lile nyuma ya dirisha lile lile jeusi. Ameacha wajukuu wawili, dada mmoja, washonaji wote wa mtaa wa chini ambao hawakuacha kumsalimia, na rafiki mmoja aliyerudi zikiwa zimebaki siku tano.

Ameacha pia shemeji mmoja. Yuko safu ya mbele, kiti cha pili. Marehemu hakumtaja hadi pumzi ya mwisho, kiapo chake kimetimia na hakidaiwi. Mjomba, watu wote hawa wanakutazama, na funguo zinalia mfukoni mwako. Simama. Fungua ile chapa, uilete hapa kaburini. Hutaniwekea mimi mkononi, wala hutaiweka mezani. Atakayeipokea ni mwenye bucha, kwa mkono wake wa kushoto, na kitambaa amekivua.

Jeneza litashuka chapa ikishafika kwenye vile vidole vitatu. Udongo nao utasubiri kwanza. Baada ya hapo fundi wetu apumzike kwa amani, na jina lake likiwa mikononi mwake.